Wikendi moja ya rumba Nairobi imeleta ubaridi nyumbani

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mkulima wa Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, na umri wangu unakaribia miaka 60. Nafuga ng'ombe wanne wa maziwa, nalima viazi na kabeji, na shamba hilo ndilo lililotuwezesha mimi na mke wangu kuwasomesha watoto wetu wote. Sikuandikii kwa sababu nimelichoka shamba. Nakuandikia kwa sababu nilikwenda Nairobi kustarehe, nikastarehe kwelikweli, na tangu niliporudi kila mtu ananitazama kana kwamba nimepungukiwa na akili.

Mwanangu wa pili anafanya kazi jijini na anaishi Roysambu, kando ya Barabara ya Thika, pamoja na mke aliyemwoa mwaka jana. Yeye ndiye aliyenialika. Alisema kwamba miaka yote hii nimekuwa nikifika Nairobi kwa ajili ya hospitali, karo au mazishi, nikigeuza siku hiyohiyo ili niwahi kukamua, na kwamba sasa ilikuwa zamu yangu kulala mjini bila shughuli yoyote. Nilishuka Nyamakima Ijumaa alasiri nikiwa na viazi na maziwa ya nyumbani, naye akanipokea. Walinipisha chumba chao, wao wakalala sebuleni.

Usiku huo alinipeleka mahali panapopigwa mugithi, muziki wa gita wa Wakikuyu, hukohuko Barabara ya Thika. Mpigaji alikuwa mmoja na gita lake, lakini ukumbi mzima ulishikana mabegani ukawa unazunguka meza, vijana kwa wazee, na nyimbo nyingine zilikuwa za ujana wangu. Jumamosi mchana tulikula nyama choma katika Soko la Kenyatta, kisha usiku tukaenda Lang'ata kusikiliza bendi ya rumba, na hapo ndipo niliponaswa. Rumba nimeisikiliza tangu enzi za Sauti ya Kenya, redio ikiwa imetundikwa kwenye msumari zizini wakati wa kukamua, lakini sikuwahi kuiona ikipigwa. Sikujua kwamba sauti ambayo miaka yote nilidhani ni ya gita moja hutoka kwa magita mawili yanayopokezana. Wimbo ulipofika kwenye sebene, mwimbaji akanyamaza na magita yakaachiwa uwanja, nilijikuta nimesimama. Nilicheza hadi koti likalowa. Nilikunywa bia mbili tu usiku kucha, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ilikuwa pombe.

Mke wa mwanangu alikuwa nasi Jumamosi hiyo. Ni msichana mwenye adabu. Alikaa pembeni na soda yake, hakucheza, nikadhani amechoshwa na kazi za wiki. Wakati wa kuondoka nililipa bili ya meza yote, kwa sababu sikutaka ionekane kwamba baba ni mtu wa kulipiwa. Salio la M-Pesa halikutosha, Fuliza, ule mkopo wa simu, ikajazia.

Niliporudi Jumapili jioni nilimkuta Malkia, ng'ombe wangu bora kuliko wote, amepitwa. Alikuwa kwenye joto tangu Jumamosi asubuhi, mke wangu akawa peke yake na ndoo na mitungi, na alipopata nafasi ya kumpigia simu daktari wa kupandisha, muda ulikuwa umekwisha. Hilo alilinunia kidogo, likapita. Kisha chama cha ushirika kikalipa pesa za maziwa, mkopo ukakatwa kwanza, na mke wangu, ambaye ndiye hununua chakula cha ng'ombe, akaona pengo. Alisema, "Basi mwezi huu ng'ombe watakula gita," na mpaka leo hajaongeza neno. Jirani aliyeona picha ambazo mwanangu aliziweka kwenye simu naye amekwisha kutangaza kwamba mzee ameharibikia mjini.

Mimi nataka kurudi. Ningependa kwenda kila mwisho wa mwezi, pesa za maziwa zikiingia. Lakini mwanangu nikimgusia jambo hilo anasema atanipigia, kisha hapigi. Je, mtu wa umri wangu na wa kazi yangu hana haki ya kufurahia usiku wa jiji? Nimweleze vipi mke wangu, na nimfanyeje kijana aliyenialika kwa kinywa chake na sasa ananikwepa?

Mkulima, Kinangop

JIBU

Mzee wangu, pokea salamu zangu, nawe unifikishie salamu kwa mama watoto, kwani sehemu kubwa ya jibu hili inamhusu yeye.

Haki unayo, na sitakaa sana hapo. Muziki uliokusimamisha kitini si wa vijana kuliko ulivyo wako. Miaka ya 1970 na 1980 wanamuziki kutoka Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire, walihamia Nairobi kwa wingi, bendi kama Super Mazembe na Les Mangelepa zikaweka makao hapa, zikawa zinaimba kwa Kilingala na Kiswahili, na ulichokuwa ukikisikia zizini huenda kilirekodiwa kilomita chache tu kutoka mahali unaposhukia matatu. Mnamo Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha yake ya turathi za binadamu. Jirani yako akikuuliza tena umeharibikia wapi, mjibu kwamba ulikwenda kutazama turathi, kisha muendelee na habari za bei ya viazi.

Nianze na mwanao, kwa kuwa hilo ndilo umelielewa visivyo. Huenda unadhani anakukwepa kwa sababu ya gharama au kwa sababu anakuonea aibu, ilhali jibu umeliandika mwenyewe bila kulitambua. Yule msichana hakuwa amechoka. Alikuwa ameketi meza moja na baba mkwe wake, katika ukumbi wa dansi, usiku, naye hana hata miaka miwili katika familia yenu. Katika jamii zetu nyingi mkwe wa kike hawezi kunyanyua glasi, kucheka kwa sauti wala kutikisa kiuno mbele ya baba wa mumewe, na adabu unayomsifia ndiyo iliyomfunga kwenye kile kiti. Ongeza na kwamba alilala sebuleni kwake mwenyewe kwa sababu kitanda chake kilikuwa na mgeni ambaye kwa mila hapaswi hata kukikaribia. Kwa wikendi moja alivumilia, na nina hakika alivumilia kwa moyo mweupe. Sasa wewe unazungumzia kila mwisho wa mwezi. Kijana wako yuko katikati ya mke asiyeweza kulalamika na baba asiyeweza kuambiwa, na mtu aliyebanwa hivyo husema "nitakupigia". Usimbane zaidi. Siku utakayokwenda tena, nenda ukiwa na chumba chako cha kulala ulichokilipia mwenyewe, na yeye akitaka kukufuata ukumbini, aje kama mwanamume anayemsindikiza baba yake kwa saa chache, mkewe akiwa huru kubaki nyumbani au kwenda na wenzake anakotaka.

Kuhusu mkeo nitasema kwa urefu, na uniwie radhi nikisema kwa ukali kidogo. Barua yako nimeirudia nikimtafuta ndani yake. Ng'ombe umemtaja kwa jina na cheo. Magita umeyahesabu. Mkeo anaonekana akiwa na ndoo, kisha anaonekana akisema neno moja la uchungu, basi. Hukuniambia kama aliulizwa kabla hujaondoka, hukuniambia kama naye anapenda muziki, na hukuniambia ni lini mara ya mwisho yeye alilala mahali ambako hakuna ng'ombe anayemsubiri alfajiri. Redio iliyotundikwa kwenye msumari haikuwa ikipiga kwa ajili yako peke yako. Ikiwa mmekuwa mkikamua pamoja miaka yote hiyo, yeye amezisikia nyimbo zilezile, kwa saa zilezile, na huenda anayajua maneno yake kuliko wewe. Kisha siku bendi ilipoonwa kwa macho, mmoja alipanda matatu na mwingine akabaki na ng'ombe wanne.

Kwa hiyo swali lako la namna ya kumweleza naliweka kando. Usimweleze kitu. Muulize kama angependa kwenda nawe, na umuulize wakati ambapo jibu lake linaweza kubadilisha mpango, yaani kabla hujaweka tarehe na kabla hujamtafuta mtu wa kukamua. Akikubali, mambo mengi yanayokusumbua yatajimaliza yenyewe, hata maneno ya jirani, maana mzee aliyekwenda dansini na mkewe hana habari ya kusimuliwa kijijini. Akikataa kwa sababu hapendi kelele wala usiku, hilo nalo ni jibu la heshima. Hapo muulize yeye angetaka nini. Huenda ni kwenda kwa dada yake, au ni safari na wanawake wenzake wa chama hadi Mombasa kwa treni. Chochote atakachotaja, kiwe na uzito sawa na chako: wikendi moja ya kwako kwa wikendi moja ya kwake, na zamu yake ikifika wewe ndiye utakayeamka saa kumi na moja na kukamua wote wanne. Sioni namna nyingine ambayo jambo hili linaweza kuendelea bila nyumba kuwa baridi kuliko usiku wa Kinangop mwezi wa Julai.

Yaliyobaki ni kazi tu, na kazi wewe unaijua kunishinda. Ng'ombe hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na dalili hazidumu sana. Akionekana asubuhi hupandishwa jioni, akionekana jioni hupandishwa asubuhi inayofuata. Malkia kupitwa kunakugharimu wiki tatu za kungoja, pamoja na maziwa na ndama watakaochelewa kwa kiasi hichohicho. Basi tarehe ya starehe itoke kwenye daftari la ng'ombe. Mahali penye ng'ombe anayetarajiwa kuingia kwenye joto au anayekaribia kuzaa, siku hiyo msiondoke. Mtafuteni mkamuaji mnayemwamini, mumlipe kama fundi, na akamue nanyi siku kadhaa mkiwa nyumbani, ili ng'ombe wamzoee na ili mwone kama anamaliza kiwele. Maziwa yakibaki kwenye chuchu, ugonjwa wa kiwele haukawii. Mwachieni namba ya daktari, na mumweleze daktari kwamba siku hizo simu itatoka kwa mtu mwingine.

Mwisho wa mwezi, kwa maoni yangu, ndio wakati mbaya kuliko wote kwenda kujivinjari Nairobi. Mishahara imeingia, barabara zimefunga, meza za mbele zimeshikwa na makundi, na wezi nao wanaijua kalenda kama tunavyoijua. Katikati ya mwezi utakaa karibu na jukwaa kiasi cha kuona vidole vya mpiga solo. Tena kuna kumbi ambazo bendi hupiga alasiri, na mtu aliyezoea kulala mapema hana sababu ya kudharau rumba ya mchana.

Pesa ya maziwa msiiguse. Fuliza hufanya kazi yake kama ilivyoundwa: inajazia pale salio linapopungua, inatoza ada kwa kila siku ambayo deni linabaki, na inajilipa kutoka kwa pesa yoyote itakayoingia kwenye laini hiyo. Kwa kuwa ushirika unakulipa kupitia laini hiyohiyo, bili ya Lang'ata ililipwa na chakula cha ng'ombe. Unaweza kujiondoa katika huduma hiyo, au laini inayopokea pesa za maziwa ukaiacha nyumbani. Wekeni kiasi fulani kutoka kila mauzo ya viazi au kabeji, mkubaliane nyote wawili, nacho kikiisha mmestarehe vya kutosha. Na heshima ya baba hailazimu kulipia meza nzima. Lipa bili yako na ya mkeo, waache watu wazima wenye mishahara walipe yao.

Kuhusu jiji lenyewe, safari iliyopita ulikuwa chini ya macho ya mwanao, kwa hiyo kuna mambo hukulazimika kuyajua. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inaruhusu klabu za usiku kuuza kuanzia saa moja jioni hadi saa tisa usiku, lakini baa ya kawaida inatakiwa kufunga saa tano usiku. Mahali panapoendelea kuuza mlango ukiwa umefungwa usikae, kwa sababu msako ukitokea hata mteja hupandishwa gari la polisi, na hakuna atakayekuuliza kama ulikunywa bia mbili au kumi. Kitambulisho usikiache chumbani. Chupa ifunguliwe mbele yako. Ukienda msalani ukiwa umeiacha mezani bila mtu wenu, ukirudi agiza nyingine, maana watu wanaowawekea wengine "mchele", yaani dawa ya kulewesha, kwenye vinywaji humtafuta hasa mgeni mchangamfu aliyekuja na pesa za mazao. Kutoka ukumbini panda teksi iliyoitwa kwa simu, hata kama bodaboda ni nafuu na malazi ni karibu. Mwanao akiwa ndiye mwenye gari, mkumbushe kwamba kipimo cha pumzi kina kikomo cha mikrogramu 35 za kileo katika mililita 100 za pumzi, na kwamba mtu mmoja kwenye meza lazima anywe soda kwa hiari yake mwenyewe, si kwa sababu baba mkwe yupo.

Jumapili msingoje jioni. Matatu za asubuhi kutoka Nyamakima zitawafikisha kabla ya muda wa kukamua, na mkamuaji wenu atakuwa bado yupo awaambie nani alikula, nani alikataa, na maziwa yalikuwa kiasi gani.

Mpigie mwanao baada ya kuzungumza na mkeo, si kabla. Mtajie tarehe, mwambie mmepata pa kulala, na umwombe jambo moja tu: awaulizie ni bendi gani inapiga wapi Jumamosi hiyo.